Kiputo Ndani ya Jicho la Shangazi

Jumatatu saa moja asubuhi Shangazi alirudi kazini na mwiko mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani ya jicho lake la kulia kiputo cha pimamaji, kile kinachotulia katikati ukuta ukiwa sawa. Kilihamia humo siku ya mwisho ya mafunzo ya uashi, mwalimu alipokuwa akirudia kwamba ukuta uliopinda ni kazi mara tatu: kujenga, kubomoa, kujenga tena. Shangazi alipepesa macho. Kiputo kikatulia, naye akakiacha.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewabebea wanaume saruji kwa karai, na kwenye ubao wa getini aliandikwa "saidia fundi". Alichotaka ni neno moja lifutwe, asome "fundi". Alipoomba ruhusa ya wiki tatu, wote waliangua kicheko.

"Jamani, hata Shangazi anaanza shule!"

"Ng'ombe hazeeki maini," aliwajibu, akaenda zake.

Sasa alipanga matofali. Jicho likikataa tofali, aliligonga mara moja kwa mpini wa mwiko, akasonga mbele. Hakubomoa kitu. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza ukuta ambao mafundi wawili huutolea siku mbili, moja ya kulipua kazi na moja ya kubomoa walicholipua.

Alasiri alipita kando ya ukuta wa mpwa wake, aliyekuwa fundi kwa miaka sita sasa. Kiputo kikakimbilia pembeni mwa jicho. Shangazi akautazama ukuta, ukuta ukaona haya, ukajiweka wima. Vumbi kidogo lilidondoka.

"Asante, Shangazi," mpwa akasema, akaendelea kupanga.

"Kamba yako imelegea, mwanangu. Njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha yeye, kisha wengine waliojifanya wamekuja kuomba maji. Jengo likafika kwenye paa wiki tano kabla ya wakati. Mwenye jengo alipapasa kuta, akauliza ni kazi ya nani. Mafundi wote, na wale waliocheka, wakanyoosha miko yao kumwelekea Shangazi. Alifurahi. Aliketi juu ya mfuko wa saruji akacheka peke yake.

Msimamizi, yule anayeandika ubao wa getini, naye alicheka, akapeana mikono na mwenye jengo.

Jumatatu iliyofuata, jengo la pili likianza, ubao uliandikwa upya. Shangazi aliusoma hadi mstari wa chini kabisa, penye jina lake: "saidia fundi". Kiputo kikakimbilia pembeni, kikang'ang'ania huko.

Mpwa wake, akiona anavyoukazia jicho, akausogeza ubao kushoto, kisha kulia. "Umepinda?"

"Ubao hauna neno, mwanangu. Uko sawasawa."

Akatoa mwiko mfukoni, akaliruka karai, akaingia kazini. Mafundi walijiweka wima alipopita. Ubao ulibaki vilevile.