Vinundu vya Kunde-mwitu

Ronah aliporudi kutoka kuazima jembe kwa jirani, alikuta mbegu zake za kunde zimetandazwa juani, juu ya turubai. Mama mkwe wake, Bulandina, alikuwa akizigeuza kwa kiganja.

“Mama, nani amezitoa kivulini?”

“Mimi. Mbegu iko na maji, tena umeipaka uji. Utapanda uozo?”

Asubuhi hiyo Ronah alikuwa amechanganya uji wa muhogo na bakteria wa udongo. Aliwakuza chuoni, kutoka kwenye mizizi ya kunde-mwitu za tambarare hii kavu ya Nyakiyumbu. Hukaa ndani ya vinundu vya mizizi na kuulisha mmea nitrojeni. Jua huwaua, na hakuwa na wengine. Mumewe, Crispus, alikuwa ameshasema: kunde zikigeuka manjano msimu huu pia, shamba atampa binamu yake Thembo alime pamba.

Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Kongo. Ronah alizunguka turubai, akasimama, akazunguka tena.

“Keti. Unanitia kizunguzungu.”

“Jua limewaua bakteria, mama.”

“Nimeanika mbegu kabla hujazaliwa. Huko kambini mlipanda nini? Bendera?”

Ronah alikuwa binti wa askari. Ndiyo maana walizungumza Kiswahili, si Lhukonzo, lugha ya huku. Alichukua jembe, akaenda kando ya njia. Nyasi zilikuwa zimekauka, lakini kunde-mwitu zilikuwa bado za kijani. Alizing’oa, akachuma vinundu, akavitwanga.

Bulandina alileta uji uliobaki. “Changanyia kivulini basi, nisilaumiwe tena.”

Walifukia mbegu za mwisho matone yakianza.

Baada ya hapo Ronah hakutulia. Kila alipopita shambani aling’oa mche. Vinundu vilikuwa vidogo, vyeupe hadi ndani: bakteria hawajaanza kazi.

“Utavuna yote kabla ya maua,” alisema Bulandina.

Wakati wa palizi Crispus alikuja na Thembo. Majani yalikuwa na umanjano. Thembo akaanza kulipima shamba kwa hatua.

Ronah alipiga magoti, akang’oa mche, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu. Akapasua kingine. Chekundu.

“Wameanza kazi,” alimwambia mumewe. “Majani yatafuata.”

“Lini?”

“Sijui.”

Crispus alimtazama mama yake. Bulandina alikuwa amekwisha kuinama kwenye mstari.

“Thembo, toka huko,” alisema. “Unakanyaga kunde zangu.”

Thembo alitoka. Crispus akaokota jembe, akaanza kupalilia. Ronah alikuwa tayari anauvuta mche mwingine.