Tafsiri ya Chirau

Mwaka wa pili wa uhuru, Nzai fundi cherehani alinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na tangu hapo nyumba yake pale Msambweni haikukosa watu Jumamosi alasiri. Kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Zamu ya mtu ikifika, Nzai alishindilia kipande cha blanketi kwenye mdomo wa gramafoni ili sauti ya santuri ipungue, na mwenye zamu akasimama kuimba juu yake. Aliyekosea maneno alizomewa akaketi.

Santuri nne zilikuwa za Kihindi, na bingwa wake alikuwa Chirau, aliyefanya kazi dukani kwa Wahindi miaka tisa. Siku ya kwanza Nzai alimwuliza, "Huyu anasema nini?" Chirau alijua kuhesabu kwa Kihindi, majina ya vitambaa, na matusi mawili matatu. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia.

"Anamsifu mwanamke mwenye macho kama ya paa," akasema.

Walimpigia makofi. Tangu siku hiyo akawa mkalimani wao.

Miongoni mwao alikuwamo Kombe, mfanyakazi wa barabara, aliyetiwa jandoni pamoja na Chirau. Mwaka ule surua ilimchukua binti yake, Kadzo, mtoto wa miaka minne. Baada ya matanga Kombe hakuonekana kwa Nzai miezi miwili. Siku aliyokuja aliketi karibu na mlango. Nzai akaweka santuri moja ya polepole, mwanamume akiivuta sauti kama mtu anayelia. Kombe akainua kichwa.

"Huu unasemaje, Chirau?"

Chirau hakufikiri sana. "Ni baba anazungumza na mwanawe. Anamwambia: Lala, mwanangu, mlango naulinda mimi. Njia uliyopita nami nitaipita. Usiogope."

Kombe, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, akalia mbele ya watu. Kisha akaomba afundishwe wimbo ule, neno kwa neno. Ilimchukua Jumamosi nne. Naye akaenda akamfundisha mkewe, Dama.

"Shemeji, Mungu akulipe," Dama alimwambia Chirau walipokutana njiani. "Tangu msiba mume wangu hakuwa akinena nami. Sasa jioni twauimba sote wawili."

Chirau alifika nyumbani siku hiyo amejaa furaha.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, alikuwa dukani akikunja kanga na kuuimba wimbo ule kwa sauti ya majonzi. Bibi Lilavati, mke wa mwenye duka, mzaliwa wa Vanga aliyekisema Kiswahili kama wenyeji wenyewe, akaangua kicheko hata akashika meza.

"We Chirau! Mbona waimba kama uko mazikoni? Huyo ni mlafi aliyeibiwa viatu harusini! Alikuwa ndani anakula vitamu, huku nje viatu vimechukuliwa. Sasa alia, ataendaje kwao miguu mitupu!" Akaruka kwa mguu mmoja kumwigiza mtu aliyekanyaga mwiba.

Chirau akacheka naye, kwa kuwa ni mke wa tajiri. Kisha akaingia stoo, akaketi juu ya gunia la mchele. Masikio yalimwaka. Akilini alimwona Kombe amefumba macho, machozi yakimtiririka, akililia viatu vya mlafi.

Jumamosi ile alisingizia tumbo. Siku tatu nyingine alipita njia ya nyuma asikutane na mtu. Ya nne akaenda kwa Kombe, akamkuta akitia mpini kwenye jembe.

"Kombe, ule wimbo. Mimi Kihindi sikijui." Akamweleza yote, hata habari ya viatu.

Kombe aliliweka jembe chini. "Hamna mtoto mle ndani?"

"Hamna."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Sasa maneno yale uliyatoa wapi?"

Chirau angeweza kusema yalimjia kwa huruma. "Nilitaka nionekane najua," akasema.

Nyuma ya nyumba Dama alikuwa akiosha vyombo, akiimba wimbo uleule taratibu. Wote wawili wakamsikiliza mpaka akamaliza.

"Huyu asijue," Kombe akasema. "Wala Nzai asijue. Na Jumamosi njoo uimbe kama kawaida."

"Sitaweza, ndugu yangu. Naona haya."

"Haya zako kaa nazo. Usiniletee nyumbani."

Jumamosi Chirau akaenda. Kombe naye alikuwapo. Nzai alikuwa na mgeni kutoka Matuga, akataka kumwonyesha fahari ya baraza lake. Akaiweka santuri ile, wakaimba wote, na Kombe akaimba kwa sauti kuliko wote.

"Haya Chirau," Nzai akasema, "mweleze mgeni maana yake."

Chirau akageuka kuchomoa blanketi kwenye gramafoni.

"Ni baba anazungumza na mwanawe," Kombe akamjibu mgeni, bila kumtazama Chirau.

Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kweli Wahindi wana maneno. Chirau akainama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, asionekane uso.

Waliendelea kuamkiana na kuzikana kama majirani. Ila Kombe hakumwuliza tena maana ya neno lolote.