Sifuri Iliyomezwa

"Bibi, mashine imeandika mbili nukta tano. Si ndiyo shilingi mbili na senti tano? Nimekosea wapi?"

Mjukuu wangu alikitupa kikokotoo mezani. Anajaribiwa kazi katika duka la nyuzi, na mwenye duka amemwambia akikosea bei tena kesho, asirudi. Pakiti ya nyuzi tatu ni shilingi saba na nusu, na mteja alitaka uzi mmoja tu.

Nilikuwa nimemweleza mpaka koo limekauka. Nikampangia vikombe vitatu, nikampa sarafu za shilingi saba na nusu.

"Haya, gawa."

Akatia shilingi mbili mbili. Ikabaki moja na nusu. "Haigawanyiki!"

"Ivunje iwe senti."

Akahesabu huku amenuna. Senti mia na hamsini. Kila kikombe kikapata hamsini.

"Basi mashine inadanganya. Mbona inasema tano?"

"Tano hiyo ni ya makumi ya senti, mama. Sifuri ya mwisho haiandiki."

"Usinichanganye, Bibi! Kichwa kinaniuma."

Machozi yakamlenga; hata mimi nilitaka kulia. Ila niliona kwamba, pamoja na hasira zake, alikuwa ameniwekea mto mgongoni bila kuombwa.

Akakivuta tena kikokotoo, akauliza, "Na senti tano tupu ingeziandikaje?"

"Iulize mwenyewe."

Akabonyeza tano, akagawa kwa mia. Ikatokea sifuri nukta sifuri tano. Akaitazama, akasonya.

"Kumbe ya mbele inaiandika, ya nyuma inaimeza! Mashine gani bahili hivi?"

"Ndiyo utakayoshinda nayo dukani kesho."

Akafuta machozi kwa kiganja. "Nipe hesabu nyingine, Bibi."