Mbavu za Kushoto

Ghalani mume wangu wanamwita Rivasi, maana hakuna aliyejua kurudisha folklifti kinyumenyume kama yeye, mashine imebeba mzigo mpaka juu. Basi akateguka mgongo. Msimamizi akamweka langoni, kazi kufungua na kufunga, akamwambia siku akiweza kugeuka vizuri atazame nyuma atajaribiwa, akifaulu arudishiwe mashine yake. Huko langoni mwanamume alinyong'onyea. Chakula hakimpiti kooni, mzaha hana. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Mtaalamu wa viungo alimpa zoezi moja tu: kaa chini, kunja magoti, egemea nyuma kidogo, nyanyua miguu, shikanisha viganja, halafu zungusha kiwiliwili kulia, kisha kushoto, mpaka mbavu zikuume. Kiuno kitulie. Yeye akarudi nyumbani anazungusha kiuno. Nikamwambia kiuno akazungushie harusini, mgongo hautibiwi kwa ngoma.

Tulipolinyoosha hilo, likazuka jingine. Mkeka tuliutandika sebuleni, televisheni kuliani kwake, ukuta kushotoni. Kulia aligeuka mzimamzima, tena akakawia hukohuko anatazama mpira. Kushoto alipeleka mikono tu, mbavu zimelala fofofo. Nikamwambia upande huu unauibia. Akaniuliza udaktari nimeanza lini. Nikamwambia basi geuza mkeka. Akasema nimwache apumue. Haya, sikio la kufa halisikii dawa. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza ujue nimekasirika.

Siku ya jaribio, sisi wafunga maboksi tuliacha kazi tukatazame. Utaratibu wa msimamizi wetu, wa ovyo kama yeye mwenyewe, ni kwamba mtu anasimama nyuma ya mashine bila dereva kuambiwa ni wapi, na dereva arudi nyuma, amwone, asimame. Akauliza nani atajitolea. Nilijitokeza kabla mwingine hajafumbua mdomo, nikaenda kusimama upande wa kushoto. Wapo wanaosema nilitaka kumkomoa. Nilitaka kujua, basi.

Mashine ikaanza kurudi. Akageuka kulia, kifua chote, hata msimamizi akaitikia kwa kichwa. Akageuka kushoto: shingo peke yake. Mashine inakuja tu. Nilikuwa nimejiapiza sitatoa sauti, lakini chuma kilipokaribia magoti yangu nikakohoa. Koo lenyewe liliogopa. Folklifti ikasimama papo hapo.

Watu wakapiga makofi. Msimamizi akasema Rivasi karudi, na funguo abaki nazo. Waliojua ni wawili tu, mume wangu na mimi. Akanitazama, nami nikatazama chini. Wallahi nilitaka anyamaze. Mume wangu alikuwa anazeeka pale langoni huku namwona.

Akazima mashine, akashuka taratibu, mkono mmoja mgongoni.

"Sikumwona," akasema. "Nimemsikia akikohoa."

Makofi yakakatika. Msimamizi akamuuliza kama anajua anachosema, maana mashine itapewa mtu mwingine leo hii hii.

"Angesimama mwingine pale nyuma, asingewahi kukohoa," akasema mume wangu. Akamwekea msimamizi funguo mkononi, akaondoka kwenda kufungua lango, kwa sababu kulikuwa na lori nje linapiga honi.