Saladi Isiyotiwa Chumvi

Wifi yangu ana kasoro nyingi, na nikipata nafasi nitazitaja zote. Lakini siku ile ya saladi alinifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo kirahisi.

Baba alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni hadi alipostaafu, na nyumbani alikuwa mtihani. Mama, Mungu amrehemu, hakuwahi kumpelekea sahani isiyokuwa na dosari. Wali umezidi maji, nyama imeepuliwa mapema, chai imechemka ikasahauliwa. Chakula kikimkuna hasa, Baba alifuta mdomo akasema, "Kinalika." Basi, sifa ziliishia hapo. Mama alipoipata hiyo, alituita watoto kutoka vyumbani tuje tuwe mashahidi.

Baridi ya mwaka huo ilimwangusha Baba kwa homa na mafua mazito. Homa ilipoondoka ilituachia mzee mwingine, mpole, mwenye adabu. Kila alicholetewa alionja vijiko viwili vitatu, akasema, "Tamu sana, wanangu, asanteni," kisha akasukuma sahani pembeni.

"Ugonjwa umemlainisha mzee," kaka yangu alisema, akafurahi.

Nami nilifurahi, sikatai. Nani hataki kusifiwa na Baba? Nikampikia uji wa maziwa, viazi vya kuponda, ndizi za sukari, naye akavisifu vyote huku mashavu yakizidi kubonyea na pete ya ndoa ikimvuka kidoleni. Daktari alisema mapafu yamepona, sasa dawa ni chakula. Asipokula, baridi hii haitamwacha.

Halafu siku moja supu ikatiwa chumvi mara mbili, na mimi na kaka, kila mtu kwa wakati wake. Ilikuwa haimezeki. Baba akanywa vijiko vyake vitatu.

"Tamu sana, asanteni."

Wifi, ambaye ni fundi cherehani na Baba humwita Fundi, aliweka kijiko chini akamtazama mkwewe. Jikoni akanivuta mkono.

"Wifi, Baba hasikii ladha. Anatuonea haya tu."

"Si umemsikia mwenyewe akishukuru?"

"Ndiyo hapo sasa. Baba alianza lini kushukuru?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee wetu aliyaficha yake nyuma ya asante. 

Kesho yake akarudi kutoka sokoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na fungu la majani machungu ya mchunga, machungwa na balungi moja kubwa. Nilipoona yale majani nikashika kiuno.

"Unataka kumuua mzee wa watu? Basi chemsha, umwage maji, uchungu utoke."

"Uchungu ukitoka kitabaki nini? Vitamu umeshambembeleza navyo, wifi yangu. Ulimi wake umelala. Ngoja tuugongee mlango."

Nikaketi kwenye kigoda kumsubiri akosee. Hakukosea. Aliyachambua majani moja moja, akatupa mashina magumu, akayalaza kwenye maji baridi mpaka yakasimama. Machungwa aliyamenya kwa kisu, ngozi pamoja na ule utando mweupe, kisha akachomoa kila kipande kutoka kwenye ganda lake jembamba bila kukipasua, kama anavyofumua mshono wa nguo ya mteja. Balungi nalo hivyo hivyo. Makapi yaliyobaki aliyakamua juu ya bakuli, akatia mafuta na tangawizi iliyokunwa, akayafikicha majani humo kwa vidole, taratibu, mpaka yakang'aa. Jikoni kote kukanukia machungwa. Ilikuwa kazi nzuri, na iliniuma kuiona.

Akashika kichupa cha chumvi. Akasita. Nilipogeuka kuchukua sahani na kurudi, saladi ilikuwa njiani kwenda mezani, na chumvi sikuona ikitiwa. Nikasema moyoni, leo Fundi ataumbuka.

Baba alichukua uma, akatia kinywani. Akatafuna. Uso ukakunjamana kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Akatafuna tena, polepole zaidi, na kaka akaacha kula. Sote tulikuwa tunangoja ile asante, na mimi nilikuwa naiogopa.

"Nani katengeneza hii?"

"Mimi, Baba," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Haina chumvi."

Kaka akacheka, machozi yanamtoka. Mimi nikainuka kukimbilia jikoni, lakini wifi alishaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa kichupa. Kumbe hakusahau. Alikuwa amemwachia mpishi kosa moja, aone kama atalikuta.

Baba akanyunyiza mwenyewe, kutoka juu, kwa vidole vitatu, kama zamani. Akala. Akalalamika kwamba mafuta yamezidi na tangawizi imekunwa ovyo, akajipakulia tena, akapangusa bakuli kwa mkate. Kisha akafuta mdomo.

"Fundi," akasema, "kinalika."

Wifi akajifunika uso kwa aproni. Nami nikaenda vyumbani kuwaita watoto wake, waje wawe mashahidi.