Mundu wa Nabor

Refugio Barragán aliteremka basini Palm Springs saa saba mchana, mundu wa marehemu mdogo wake Nabor ukiwa umeviringishwa ndani ya taulo. Jua lilikuwa kali la kuua. Watalii walipita na vinywaji vyao vya barafu wala hawakumtupia jicho; katika mji huu wa mabwawa ya kuogelea, mtu mwenye taulo ni mtu wa kawaida tu. Yeye alikuwa amekuja kumuua Ornelas.

Miezi miwili nyuma, Nabor alipandishwa mvumo, mti mrefu wa jamii ya mitende, kwenye hoteli moja ili akate makuti makavu, yale yanayoning'inia kuzunguka shina kama sketi. Kila mkata mitende wa Mecca, mji wao wa mashamba ya tende, anajua kwamba sketi hukatwa kuanzia juu. Ukijifunga mkanda shinani ukaanzia chini, yote hukuporomokea na kukukaba hapo hapo ulipo. Lakini kuanzia juu kunataka kukodi winchi, na Ornelas, msimamizi wa kazi, baba wa ubatizo wa binti yake Nabor, alisema anzia chini, wageni wanafika kesho. Msibani alimshika mjane mkono: "Alikufa papo hapo. Hakuteseka." Refugio aliyashikilia maneno hayo. Ndiyo yaliyompa usingizi, angalau kidogo.

Alimkuta Ornelas mwenyewe juu ya mvumo wa hoteli ile ile, maana siku hizi hakuna aliyekubali kumfanyia kazi. Alikuwa amejifunga mkanda, chini ya sketi.

"Ornelas! Shuka!"

"Refugio? Ngoja kwanza nimalize."

"Shuka nikuchinje, mbwa wewe!"

"Kama una ubavu, nifuate huku!" Kwa hasira Ornelas akalikata kuti lililokuwa likiyabeba mengine.

Sketi ikashuka kwa kishindo. Vumbi likatimka, panya wakamwagika hadi kwenye viti vya wageni. Zikabaki buti mbili tu, zikirusha mateke hewani.

Refugio alifurahi. Tusifichane, alifurahi sana.

Kisha sauti ikatoka ndani ya makuti. "Refugio! Ndugu yangu, nakufa!" Ikatoka tena. Na tena. Refugio akayakumbuka maneno ya msibani: papo hapo. Kumbe mtu akiwa mle anaweza kuita!

Akapanda ngazi za hoteli mbio hadi kwenye paa lililogusana na mvumo ule, akajilaza ukingoni, akaanza kufyeka. Si huruma iliyompandisha. Alitaka jibu kabla mdomo ule haujafumbika. Miiba ya makuti ilimchana mikono hadi damu ikamtiririka kwapani. Uso ulipotokea ulikuwa wa zambarau. Akauweka mundu kooni.

"Nabor aliita?"

Ornelas alijaribu kugeuza uso, mundu ukamzuia.

"Nakuuliza, aliita?"

"Aliita."

"Kwa muda gani?"

"Nyimbo nne. Redio ya bwawani ilikuwa inapiga."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliogopa kupanda. Halafu wageni walianza kugeuka..." Alikohoa vumbi. "Nikaongeza sauti ya redio."

Refugio akampiga kwa mpini wa mundu, mara mbili, meno yakavunjika. Akampiga tena. Kifua cha Ornelas kilikuwa bado kimebanwa, hivyo hata kulia hakuweza vizuri.

"Alimwita nani?"

"Wewe. Alikuita wewe tu."

Chini, redio iliendelea kupiga wimbo wa mapenzi. Mwanamke mmoja alisimama kando ya bwawa, maji yakimchuruzika, akapaza sauti: "Jamani, zimeni hiyo redio! Kuna mtu mle!"

Ikazimwa. Katika ukimya ule Refugio aliisikia pumzi ya Ornelas, nyembamba, ikikatika. Mundu ulikuwa bado kooni. Wembamba ule wa pumzi ndio aliokufa nao Nabor, nao ulimchukiza kuliko chochote alichowahi kusikia. Akamlilia mdogo wake kwa sauti, mbele ya watu wote, vile ambavyo hakulia msibani.

Kisha akauondoa mundu, akakata kuti la juu. Likafuata la pili. Alikata moja moja kutoka juu, vile vile alivyomfundisha Nabor walipokuwa vijana.

"Nisamehe, Refugio. Nisamehe, ndugu..."

"Nyamaza," akamwambia. "Pumua tu."