Siku Mia Tano Bila Ajali

Kwa miaka kumi na mmoja Verlyn Stroschein alikuwa afisa usalama wa kiwanda cha milango huko Wisconsin, Marekani, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la ngazi. Usipande ndoo. Usipande boksi. Na ole wako upande kitu chenye magurudumu.

Ijumaa hiyo asubuhi alipanda kiti chenye magurudumu.

Ubao wa mlangoni ulisomeka siku 499 bila ajali. Ngazi ilikuwa imefungiwa stoo, kwa amri yake mwenyewe, na mwenye ufunguo alikuwa anakunywa kahawa. Verlyn akaona namba ni tatu tu, kazi ya dakika moja. Akabandika tano. Akabandika sifuri ya kwanza. Ya pili aliibandika hewani, maana kiti kilishaenda zake na yeye anakwenda zake sakafuni. Aliangukia kiganja cha kulia, na kifundo cha mkono kikalia ko!

Hakuutazama mkono. Alitazama kwanza kama kuna mtu aliyemwona. Hakuna. Mganga hajigangi, alijiambia, lakini mganga gani anajivunja mwenyewe kisha anachungulia kama wagonjwa wamemwona?

Angeripoti vipi? Meneja, Orrin Haugen, aliahidi kwamba siku ya mia tano angewachomea steki watu wote sitini kwa mkono wake. Ajali moja tu, namba inarudi sifuri na steki zinarudi kwenye friji. Watu walikuwa wakiisubiri nyama hiyo tangu mwaka jana. Verlyn alimwendea mwenye ufunguo, safari hii kwa adabu, akafunguliwa stoo, akaja na ngazi, akamalizia sifuri yake kwa mkono wa kushoto. Kisha akautia wa kulia mfukoni na kujikaza kisabuni.

Mchana, steki zilipogawiwa, aliketi jirani na LaVonne Schettler wa mashine ya kubana milango, mama wa miaka sitini asiyejua kunong'ona. LaVonne alikuwa na glavu mkono wa kushoto hata mezani. Mwanafunzi wangu bora, Verlyn aliwaza kwa fahari.

"Mbona huli, mzee wa usalama?"

"Naangalia kama imeiva."

"Imeiva mpaka imekuwa kandambili. Kapika Haugen, unategemea nini? Kata ule!"

Kukata asingeweza. Aliichoma steki kwa uma, akainyanyua nzima na kuing'ata pembeni kama fisi. Mafuta yakamtiririkia kwenye tai.

"Hee! Kwenu hakuna visu?" LaVonne alicheka. Hapo ndipo Haugen alipomjia, aproni kifuani.

"Siku mia tano, jamani, hata mkwaruzo hakuna! Verlyn, lete mkono!"

Haugen aliuvuta mwenyewe kutoka mfukoni na kuubana kwa furaha. Verlyn alipiga ukelele ambao hata mbuzi wa sikukuu hapigi.

Kiwanda kizima kikageuka. Angeweza kusema ni furaha. Uongo ulishafika ulimini. Lakini watu sitini walikuwa wanautazama mkono uliovimba kama andazi.

"Nimeanguka," alisema. "Asubuhi. Nilikuwa nabandika hiyo mia tano, juu ya kiti chenye magurudumu. Chekeni tu. Namba ni sifuri. Mnisamehe."

Alisubiri kicheko. Hakucheka mtu. Watu walitazama sahani zao.

LaVonne alishusha pumzi, akavua glavu polepole. Vidole viwili vilikuwa vimepinda, vimefungwa pamoja kwa utepe wa kufungia maboksi.

"Mashine ilinibana Februari," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

"Februari! LaVonne, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, baba? Kila asubuhi ulikuwa unabadilisha namba huku unapiga mluzi."

Upande wa pili wa meza mwanamume mmoja alikunja shati kuonyesha bega lililoungua. Mwingine akapandisha suruali, kovu likaonekana gotini. Verlyn aliona aibu iliyouma kuliko mkono. Akaomba karatasi ya kuripoti ajali na kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa chekechea, jina lake, kisha la LaVonne. Nyuma ya LaVonne watu walishaanza kupanga foleni.